Jiko Tulilolipa Kaburi

Mama Rajabu,

Sitakuuliza hali. Hali yako naijua, nilikufunika udongo kwa mikono yangu. Yangu mimi ni hii: meno ya mbele yamehama bila kuaga, goti la kushoto linajua mvua kuliko redio, na mdomo bado unafanya kazi. Nakuandikia kwa Kiswahili maana ndicho tulichotongozana nacho. Kinubi, lugha ya mama yangu, ulikuwa unakicheka, na Kikakwa cha kwenu Lurujo kilikuwa kinaniuma ulimi. Kusoma hukujua, na mimi kuandika najua nusu. Mwalimu wa jeshi alinifikisha darasa la nne akachoka na mimi. Basi tuko sawa. Mimi naandika vibaya, wewe husomi.

Habari iliyonikalisha chini ni ya jiko. Lile jiko lako la umeme, jeupe, lenye pleti tatu juu na oveni chini. Limetuletea matata kubwa, na jina lako limeingizwa humo. Watu wanasema wewe uko ndani ya jiko. Nataka uyasikie kwangu kwanza, kabla dada yako Kiden hajafika huko kukusimulia, maana yule siku akifa hatapumzika hata kidogo, atakutafuta mbio na chumvi mkononi.

Lakini kabla ya jiko kuna jambo. Nimeoa. Haya, nuna kwanza, ukimaliza rudi tuendelee.

Nilikaa peke yangu mpaka nikawa naongea na kuku, na kuku wakaanza kunielewa, mwanao Rajabu akaona aibu. Huyu mke anaitwa Zubeda, mjane kutoka Manibe, mtu wa shamba, mkono mgumu na moyo mlaini. Kupika hajui. Mchuzi wake ukiinama juu ya bakuli unaona uso wako na wa jirani. Hapo najua umefurahi.

Sasa sikiliza vizuri. Unakumbuka ile mwaka ya sabini na tisa, wakubwa wetu walipokimbia, sisi wapishi wa mesi, jiko la maofisa wa jeshi, tukaambiwa tusimame imara. Nilisimama imara mpaka nikaona gari la mkubwa wa mwisho limepakia hata kitanda cha mbwa wake. Ndipo nikavua yunifomu, nikaja Arua chini ya magunia ya tumbaku. Nikakuta mji mzima unachimba. Huyu anafukia cherehani, yule sufuria za harusi, mwingine mabati aliyoyang'oa juu ya kichwa chake mwenyewe. Kila ua una udongo mpya. Nikasema, hawa wajinga, askari akija atachimba palipo na udongo mpya, ni kama wamemwandikia karibu. Na wewe umelikalia jiko, mikono kifuani, hutaki kuondoka bila hilo. Jiko ambalo kila Idi ulikuwa unaniuliza kama nililiiba kwa meja wangu. Nilikuambia nilipewa. Mpaka leo nasema nilipewa.

Akili ikanijia. Askari hata awe na njaa ya vitu namna gani, kaburi analiogopa. Nikachimba nyuma ya jikoni shimo refu, jembamba, kama la mtu. Tukalifunga jiko kwa turubai la jeshi na kamba za katani. Nikalilaza kwa ubavu, nikalielekeza kibla, maana kazi ikifanywa ifanywe. Nikaanza hata kulisomea kidogo, ukanichapa mdomoni kwa pindo la leso. Tukainua tuta. Tukaweka jiwe la kichwani na jiwe la miguuni. Lilikuwa kaburi zuri, nilijisifu.

Ndipo uliposema, na Kiden alikuwa amesimama pale na mzigo wake kichwani, akasikia: "Baba Rajabu, kaburi hapana mchezo. Ukichimba bila mutu, yeye natafuta mutu wake." Nikakujibu kwamba hili limemeza jiko zima na oveni yake, limeshiba, litalala mpaka turudi. Ukacheka. Kiden hakumbuki kwamba ulicheka. Mimi nakumbuka.

Ya njiani huna haja ya kuambiwa, ulikuwepo. Koboko, Oraba, tukavuka mto Kaya pale mpakani, tukaenda ndani ya Sudani mpaka miguu ikakataa. Lakini ya mwisho hukuyaona vizuri, homa ilikuwa imekufunga macho. Mvua ilikuwa inanyesha. Karatasi la nailoni tulilopewa na watu wa misaada lilikuwa linavuja palepale ulipoweka kichwa, nikakusogeza, nalo likavuja palipo na kichwa tena. Dawa ilikuwa ng'ambo ya mto na mto ulikuwa umejaa. Uliniambia asubuhi utakuwa sawa. Hukuwa sawa. Mwenye shamba alitukubalia pembe ya muhogo wake tukulaze, mtu mwema, lakini kwa sharti: tusiweke mawe, jembe lake lisivunjike. Tukakubali. Ungefanya nini, mgeni hapangi bei ya ardhi.

Basi hesabu hiyo nimekaa nayo. Jiko lilipata jiwe la kichwani na jiwe la miguuni. Wewe ulipata muhogo.

Na tuliporudi, bunduki za kule zilipotufukuza kama za huku zilivyotufukuza mwanzo, nilikuta nyumba haina paa, haina mlango, haina hata fremu ya dirisha. Wale waliofukia vizuri walikuta mashimo. Kaburi la jiko lilikuwa vilevile, na limepaliliwa! Mzee wa ng'ambo ya njia, yule mwenye kikohozi, hakukimbia, alisema mapafu yake hayana nguvu ya ukimbizi. Miaka yote ile alikuwa anang'oa majani juu ya tuta kila Idi na kulisomea Fatiha, alidhani ni mama yangu. Nilipomwambia ni jiko akasema, "Nirudishie dua zangu." Kweli, jiko lile limeombewa kuliko mimi.

Nikalichimbua. Turubai lilikuwa limeoza upande wa chini, lakini rangi ilibaki nyeupe kama meno ya mtoto. Nililia, Mama Rajabu. Watu walidhani nalia kwa furaha ya jiko.

Umeme haukuwepo, hata nguzo zilikuwa zimeliwa na moto. Kwa miaka mingi jiko likawa kabati. Zubeda alipokuja aliweka maharagwe ndani ya oveni na vikombe juu ya pleti. Wakati huo wote hakuna aliyesema uko ndani. Ulipokuwa umekaa na maharagwe hukuwa na ugomvi na mtu.

Sasa huku tuna umeme tena, wa jioni tu, mashine ya mjini inawashwa jua likizama, inazimwa watu wakianza kupiga miayo. Watu wa misaada walipofunga ofisi yao niliokota kwao kisanduku kile cheupe cha ukutani, chenye swichi inayojikata yenyewe umeme ukipotea njia. Nikakifunga kwenye ukuta wa jikoni. Nikatoa maharagwe, nikasugua jiko, nikamwita Zubeda aone maendeleo. Nikawasha. Kak! Nyumba giza. Nikainua swichi. Kak! Vitufe vyote vya jiko vimezimwa, pleti baridi, oveni baridi, na bado kak! Kesho yake likakubali, Zubeda akapika mchuzi wake wa kujitazamia. Keshokutwa likakataa. Wiki nzima hivyo, linakubali, linakataa, kama mchumba.

Zubeda ni mtu wa shamba, anaangalia mbingu. Yeye ndiye wa kwanza kuona. Akasema likikataa ni siku ya mvua. Jua likiwaka siku mbili tatu, jiko ni mtoto mzuri. Ikinyesha, kak. Akaniuliza kwa upole, akiwa anafagia mahali palipo safi, "Baba Rajabu, yule mwenzangu alikufa wakati gani?" Nikasema wakati wa mvua. Akaacha kufagia.

Nikaleta fundi, kijana mmoja anayejiita Injinia, kalamu tatu mfukoni na bisibisi moja. Alilizunguka jiko kama mnunuzi wa ng'ombe. Akasema jiko zima kabisa, kibovu ni kisanduku, kinaogopa bure. Akakiruka, akaunga waya moja kwa moja. Jiko likawaka, taa zikabaki, Zubeda akapiga kigelegele. Halafu akachota maji, miguu mitupu kwenye sakafu, mkono una maji, akashika mlango wa oveni.

Lilimtupa mpaka kwenye mlango wa nje.

Hakufa. Lakini alipoinuka hakunitazama mimi, alilitazama jiko, akasema, "Yeye amenipiga kofi." Jirani waliokuja mbio wakasikia. Kabla mashine ya mjini haijazimwa habari ilikuwa imefika sokoni: marehemu wa Baba Rajabu amempiga mke mpya kofi. Mmoja akaniuliza, "Alimpiga na mkono wa kulia ama wa kushoto?" Nikamwambia aweke shavu lake ajue mwenyewe. Zubeda akafunga nguo zake akaenda kwao Manibe. Alisema hana chuki na wewe. Alisema nyumba hii ina mwenyewe.

Na ndipo Kiden akaja kutoka Lurujo, miguu yote ile, na fimbo, na jirani wakamkalisha kama jaji. Hakuja na maneno mengi. Akasema mbele za watu: "Shemeji, wewe nachimba kaburi ya mchezo. Dada yangu naambia wewe. Kaburi natafuta mutu, napata yeye. Sasa yeye nakuja kuchukua kitu yake." Akataka nichinje mbuzi, jiko lirudishwe kwenye shimo lake, safari hii bila kutoka, na mimi niseme kwa mdomo wangu juu ya tuta kwamba ni shimo langu lililokula ndugu yao.

Nikamwambia, "Shemeji, sisi sote tulipita kwenye mvua ileile. Nailoni ilivuja."

Akasema, "Nailoni navuja kwa watu wote. Wengine hapana kufa."

Unajua ulimi wangu. Nina jibu kwa imamu, nina jibu kwa askari wa barabarani. Kwa Kiden nikaomba tu wanipe muda kidogo nilichungulie jiko mwenyewe. Kama sitapata sababu, nitachinja mbuzi na nitasema wanachotaka. Kiden akakubali, akavuta kigoda akakaa jikoni palepale, mgongo ukutani. Hataniacha peke yangu na ushahidi.

Sasa nikuambie kitu ambacho sikumwambia mtu. Tangu siku ya kofi, asubuhi nikiwa peke yangu, nilikuwa nalisalimia jiko. Nilikuwa nasema, umeamkaje. Siku moja nililiambia habari za Rajabu, kwamba anabadilisha pesa pale Oraba na ananenepa kama mhasibu. Rajabu huyo nimemuuliza mara nyingi njia ya kule kwako ikoje, anasema baba, huko hapapitiki, vita vyao havijaisha, madereva wanageuzia palepale mpakani. Sijafika kwako tangu siku ile. Sijui kama shamba liko, sijui kama mwenye shamba yuko, sijui wamepanda nini juu yako. Basi nikafikiri: kama ni wewe uliye ndani ya jiko, umevuka pale pasipovukika. Umekuja kwa miguu yako mwenyewe kunikuta. Piga kofi, piga hata mimi, lakini umekuja.

Kwa hiyo nilipokamata bisibisi sikujua naomba nini. Ukweli sikujua.

Nikaanza kwa kuondoa ufundi wa Injinia. Kisanduku nikakirudisha njiani, maana sasa nilielewa kwamba hakikuogopa bure. Kilikuwa kinakata kabla mtu hajapigwa, na sisi tulimziba mdomo mlinzi kwa sababu anapiga kelele. Halafu nikageuza jiko mgongo, nikafungua bati. Kiden akauliza, "Natafuta nini?" Nikasema, "Dada yako." Hakucheka.

Kule mesi nilijifunza kitu kimoja. Jiko ni kama bweni la askari: ukitaka kujua nani anakoroma, watoe nje mmoja mmoja. Nikatoa waya za pleti ya kwanza, nikazifunga tepu. Tukangoja umeme. Ulipokuja nikainua swichi. Kak. Kiden akasema, "Yeye huyo." Nikatoa ya pili. Kak. "Yeye huyo." Nikatoa ya tatu. Kak. "Shemeji, taja mbuzi." Imebaki oveni tu. Nikatoa waya za oveni, nikafuta jasho, nikainua swichi.

Ikakaa.

Nikarudisha pleti zote tatu. Ikakaa. Nikaweka birika juu, maji yakachemka, nje mvua inapiga bati, na swichi imetulia kama mtu aliyekula. Kumbe vitufe vya jiko lile vinakata waya mmoja tu, na waya za ukutani nilizifunga kinyume mimi na haraka zangu, ndiyo maana hata lilipozimwa moto wa umeme ulikuwa unaendelea kuingia. Na ulikuwa unatoroka mahali pamoja, kwenye koili ya oveni, ule mrija wa chuma uliojipinda pembeni. Kiden akaona uso wangu akasema, "Basi yeye nakaa oveni. Chumba kubwa."

Asubuhi nikautoa ule mrija. Kwa nje mzuri kabisa. Lakini pale mwisho, waya inapoingilia, kile kizibo kidogo cha udongo mweupe kilikuwa kimepasuka. Nikawasha sigiri, makaa kidogo, moto wa kumsubiri mgeni, nikaulaza mrija juu yake kwa mbali. Tukakaa, mimi na dada yako, tunatazama chuma kama watu wanaongoja chai. Muda ukapita. Kiden akaanza kusinzia. Mara pale kwenye ule mpasuko kukatokea unyevu. Kisha kijipovu. Kisha tone, likaning'inia, likaanguka kwenye makaa. Tsss. Likaja lingine.

Maji, Mama Rajabu. Maji ya shimo. Udongo wa Arua ulikuwa umeyaingiza humo wakati sisi tunalala Sudani, na kila ikinyesha yule mpasuko ulikuwa unakunywa tena kidogo kutoka hewani. Ndiyo siri yote. Mvua.

Kiden alitazama yale matone akasema polepole, "Hiyo machozi yake. Wewe nakausha na makaa."

Nikasema, "Shemeji, ni maji."

Akasema, "Machozi si maji?"

Nilikausha mrija ule siku nzima, polepole, mpaka ukaacha kulia, tuseme hivyo kumpendeza dada yako. Nikaziba ule mpasuko kwa gundi ya fundi wa redio, nikageuza waya za ukutani zikakaa sawa. Jioni, mvua ilikuwa inakuja, goti langu lilikuwa limeshasema. Nikatuma watu wamwite Zubeda kutoka Manibe, nikawaita jirani wote waliokuwa wanauliza mkono wa kulia na wa kushoto, hata yule mzee wa kikohozi akaja kudai dua zake. Nikawasha oveni. Mvua ikashuka kama mawe. Tukangoja. Watu wote macho kwenye kisanduku cha ukutani, hakuna anayetazama jiko. Swichi haikusogea. Nikamimina maji mkononi, nikavua viatu, nikaushika ule mlango wa oveni. Zubeda akaziba macho. Ulikuwa wa moto tu, moto wa kawaida wa jiko, umeniachia lengelenge hapa kwenye kidole nilichoshikia kalamu.

Jirani wakashangilia. Jaji wangu akakosa kesi. Mbuzi akaokoka. Mtu mmoja akasema, "Baba Rajabu, kumbe wewe ni Injinia!" Nikainua mikono kama mcheza mpira. Nilikuwa nimeshinda: shimo langu halikula mtu, lilikunywa maji tu. Nilikuwa na maneno ya kumpiga nayo Kiden mpaka Idi ya mwaka ujao, nilikuwa nimeyapanga mdomoni kwa mstari.

Nikageuka nimwambie. Kiden alikuwa bado kwenye kigoda chake, fimbo kati ya magoti, anaitazama oveni inavyoiva nyekundu ndani. Analia bila kelele. Mwanamke mzee vile, aliyetembea kutoka Lurujo. Nikadhani analia kwa kushindwa. Akaniuliza, si kwa ugomvi, kama mtoto anavyouliza:

"Shemeji. Kama yeye hapana hapa, yeye iko wapi?"

Mama Rajabu, yale maneno yote niliyoyapanga yaliisha.

Kwa sababu hata yeye alikuwa anakuja jikoni kwangu kukuona. Alikaa kwenye kile kigoda siku zote zile, mimi nadhani ananilinda, kumbe amekaa na dada yake. Na mimi, na bisibisi yangu, na akili yangu ya mesi, nimekutoa humo mbele ya watu na kuwaonyesha kwamba hukuwemo. Nilithibitisha vizuri sana. Hakuna mtu Arua nzima aliyewahi kuthibitisha kitu vizuri hivyo.

Zubeda ndiye aliyefanya la maana: alikanda unga, akaoka mkate, akampa Kiden kipande cha kwanza. Ulikuwa mkate mbaya, umeungua chini na mbichi katikati. Kiden aliumaliza wote. Asubuhi akaondoka. Hakudai tena jiko, wala mbuzi, wala neno langu juu ya tuta. Aliniambia tu, "Baki salama, Shemeji," na sasa nakumbuka hajawahi kuniaga hivyo tangu tuvuke Kaya.

Zubeda amebaki. Hana hofu tena na jiko. Juzi alilipiga teke kwa sababu limeunguza wali, nikashtuka, halafu nikajikumbusha kwamba hakuna aliyepigwa. Ameanza kuijua oveni. Mkate wake wa jana ulikuwa karibu kuwa mkate.

Nimekasirika, ukitaka kujua. Sina kasirani na Kiden. Wale wenye magari ndio wanaoniudhi. Mto uliojaa siku ile unaniudhi, na nailoni, na muhogo wa watu. Na wewe kidogo, kwa kusema asubuhi utakuwa sawa. Na maji, maji haya ya upuuzi, yanayoingia kila mahali, hata mahali ambapo mtu alikuwa ameweka mgeni wake.

Njia ikifunguka nitakuja. Hilo sitakuahidi, maana halimo mkononi mwangu, na mimi na wewe tumeshaahidiana asubuhi moja ikatushinda. Nitakuahidi lililo mkononi mwangu. Kitu chochote kikiharibika humu ndani, taa ikipepesa, mlango ukilia, maziwa yakichacha kabla ya jioni, nitatafuta maji. Nitatafuta kutu. Nitatafuta panya. Sitakuita wewe uje ufanye kazi ya panya. Umetembea vya kutosha.

Lala hapo ulipo, Mama Rajabu, hapo hasa, kwenye pembe ya shamba la yule mtu. Sitagonga tena.

Mumeo,
Baba Rajabu